Usigeuke, Mwanamwema!

Krrrr!

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolala na mlio huo masikioni. Haya, vuteni viti.

Zipu ya gauni la Mwanamwema imeachia. Na haikuachia kidogo. Kutoka shingoni mpaka kiunoni, mara moja, kama muuza duka anayechana kitambaa. Na yeye yuko juu ya jukwaa, ukumbi wa Wembley, huku ughaibuni, Idi pili mchana, ndiyo kwanza kavuta pumzi aanze beti ya kwanza.

Mbele yake ukumbi umejaa, mpaka wengine wamekalia madirisha. Chini ya jukwaa zimepangwa redio kaseti za watu, vidole vimeshabonyeza vitufe vya kurekodi. Kaseti hizo wiki hii zitafika Dubai, na baada ya hapo Unguja. Ikitoka aibu leo, itasafiri kwa ndege.

Na kiti cha mbele kabisa, mkoba juu ya mapaja, miwani puani, amekaa Bi Suad.

Kwa aliyejiunga nasi leo: Bi Suad ni mama yake Abdulsamad, na Abdulsamad ndiye anayetaka kumuoa Mwanamwema. Bi Suad hataki. Ati watu waliokuwa na nyumba ya ghorofa Vuga, mjini Unguja, kabla ya mapinduzi hawawezi kuleta ndani mwanamke wa jukwaani. Mwezi mzima nyumbani kwao Kenton hakulaliki kwa ugomvi. Mwisho mama akatoa sharti.

"Achague mwenyewe. Ama aache kuimba, ama aimbe mbele yangu nimtazame. Nisipoona aibu, kesho yake napeleka posa. Nikiona aibu hata ya ukucha, jina lake lisitajwe tena nyumbani kwangu."

Abdulsamad alimwambia Mwanamwema, acha kuimba, yaishe. Alimbembeleza, alimlilia, akamkasirikia.

Mwanamwema akajibu neno moja: "Nitaimba."

Sasa zipu hiyo.

Mwanamwema alihisi baridi ya ukumbi ikimpanda mgongoni. Ukumbi ule hita yake haiwashwi. Mzungu mwenye funguo kasema watu wakijaa watapashana joto wenyewe. Kwa hiyo asubuhi, alipotoka shifti Hayes, kwenye jiko la chakula cha abiria wa ndege, alivaa kitu chini ya gauni. Alivaa fulana ya sufu ya marehemu baba yake. Fulana ya kiume, rangi ya chai ya maziwa, ina kiraka begani na kiraka ubavuni. Alipofika ukumbini akalikuta gauni limening'inia nyuma ya jukwaa, akalivaa juu yake, mbiombio, chooni, akajifunga zipu mwenyewe. Nani angeona?

Sasa wapigaji wote nyuma yake wanaona.

Mpiga dumbaki alikuwa wa kwanza. Mkono ukakosa ngozi ukapiga mbao. "Ya Rabi," akanong'ona, "fulana ya mzee!"

"Usigeuke," akasema mwengine kwa sauti ya chini, anaumia kwa kicheko. "Usigeuke, Mwanamwema!"

Abdulsamad yuko hapo hapo nyuma, fidla begani. Yeye hakucheka.

Mkubwa wa kikundi, Mbarouk, mwanamme wa miaka hamsini mwenye kodiani kifuani, alisogeza kiti mbele na kusema kwa meno yaliyofungwa: "Imba wewe! Unangoja nini?"

"Zipu, Mbarouk. Zipu imeachia."

"Hata kama umekatika mguu. Imba! Ukinivunjia shughuli leo, mimi na wewe basi."

Kule mbele, Bi Suad alimgeukia jirani yake, na hakujali nani anasikia. "Mbona kasimama kama anayengoja basi?"

Wanawake wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomfungua Mwanamwema mdomo. Akabana mabega nyuma ili gauni lisimvuke, akashika maikrofoni, akaimba:

*Nilikuja na salamu, mlangoni kwako hodi,*
*Mkononi nina ndimu, na asumini na udi...*

Sauti ikatoka. Tena ikatoka nzuri, maana hofu wakati mwengine hunoa koo. Vigelegele vikapigwa upande wa kushoto. Bi Suad akakunja uso. Alikuja kutafuta aibu, na mpaka sasa hajapewa.

Beti ya kwanza ikaisha. Fidla zikajibu. Mwanamwema akavuta pumzi ya beti ya pili.

Beti ya pili haipo.

Imekwenda! Aliitafuta kichwani, hakuna. Ya tatu, hakuna. Akili yote imekwama mgongoni, inashika gauni. Muziki umefika mahali pa kuingia, ukapita. Mbarouk akauzungusha tena, huku anamkata kwa macho. Ukafika tena. Mwanamwema akafungua mdomo, na kilichotoka ni beti ya nne, ile ya hasira, ile aliyoizoea kuliko zote:

*Umekaa mlangoni, kazi yako kuumbua,*
*Ya wenzio ya sirini, wewe unayafichua,*
*Ya kwako yamo chunguni, yananuka twayajua!*

Na hapo hapo, wasomaji wangu, mtu akainuka.

Aliyeinuka ni Pushpa. Pushpa ni fundi cherehani wa Kenton, Mhindi wa Unguja, kazaliwa Hurumzi, Kiswahili chake ukifumba macho hutojua. Gauni lile la mahameli nyeusi kalishona yeye. Alikuwa kakaa pembeni, na kwa pembeni akaliona shono linafumuka. Moyo wa fundi ukamruka. Akavua shali yake begani, akakimbilia jukwaani kumfunika mtoto wa watu mgongo. Basi. Hakuwa na nia nyengine.

Lakini taarabu mnaijua. Mtu akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, kwa pesa au kwa nguo, ile beti inayoimbwa inakuwa yake. Ni kama kaisema yeye kwa mdomo wake, na ukumbi mzima hugeuka kutazama nani kapigwa nayo. Na Pushpa kainuka na shali mkononi, juu ya beti ya mwenye kuumbua watu.

Halafu, nani asiyejua kuwa Pushpa na Bi Suad hawasemeshani? Idi ya mwaka jana Bi Suad alichukua gauni kwa Pushpa, akalivaa harusini usiku kucha, kesho akalirudisha ati halimkai. Lilikuwa linanukia udi na biriani. Kenton nzima ilisikia kelele za siku ile.

Pushpa akamfunika Mwanamwema shali mabegani.

Ukumbi ukalipuka!

"Huyooo!"

"Mpe, Pushpa! Mpe!"

"Yananuka, twayajua!" Wanawake upande wa kushoto wakaidaka beti, wakaiimba wenyewe, vidole vimenyooka kiti cha mbele. "Twayajua!"

Pushpa akaangalia huku na huku, hajui kafanya nini. Mwanamwema ndiye aliyejua.

"Da Pushpa," akanong'ona, "umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi? Nimekufunika!"

"Wanadhani umemtunzia Bi Suad."

Pushpa akapiga kipaji chake cha uso kwa kiganja. Halafu mkono wake, uliokuwa ukibana gauni chini ya shali, ukasimama. Macho yakamtoka.

"Mwanangu. Hii zipu haikuharibika."

"Nini?"

"Nyuzi zimekatwa. Kuna mtu kakata nyuzi zangu kwa wembe."

Mwanamwema hakupata nafasi ya kuuliza. Bi Suad keshasimama.

Alipanda ngazi za jukwaa pole pole, mkoba mkononi, kama anayepanda kutoa hukumu. Muziki ukafa chombo kimoja kimoja. Bi Suad akanyoosha mkono achukue maikrofoni, akapiga hatua, na kiatu chake kikanasa kwenye waya.

Maskini Bi Suad! Akayumba mbele, akayumba nyuma, maikrofoni ikapiga yowe lililoziba masikio ya watu, mkoba ukaruka, na yeye akashika kitu cha karibu asianguke. Kitu cha karibu kilikuwa shali.

Shali ikaja yote. Na Mwanamwema, aliyevutwa nayo, akazunguka mzima mzima mpaka mgongo ukatazama watu.

Fulana ya sufu. Kiraka cha begani. Kiraka cha ubavuni.

Halafu mtoto mmoja wa kike, wa hawa waliozaliwa huku, akapiga kelele kwa Kiingereza chake: "Mummy, look! She's wearing granddad's vest!"

Kicheko kilichofuata kiliingia kwenye kaseti zote.

Walicheka waliokuwa wakimpigia vigelegele. Walicheka wanaume kule ukutani, isipokuwa mmoja: Mzee Vuai, ami yake, aliyemlea tangu baba yake afariki, na ambaye ndiye walii wake, mwenye haki ya kumuozesha. Yeye aliinamisha kofia tu.

Bi Suad hakucheka. Alijiweka sawa miwani, akaipata maikrofoni, akaipuliza, fuu, fuu.

"Salamu alekum, jamaa. Nilisema nikiona aibu. Mmeona nyote, au mnataka ageuke tena?" Akangoja kicheko kipite. "Huyu ndiye aliyetakwa awe mkwe wangu. Leo kanisimamishia fundi cherehani anitukane mbele ya watu, na yeye kavaa lifulana la babake. Posa imekufa. Tumeizika hapa hapa, na nyinyi ndio mashahidi."

Mwanamwema akageuka kumtazama Abdulsamad. Mbele ya watu wote, hakujali tena mgongo wala tumbo. Alimtazama tu, anangoja neno moja.

Abdulsamad akateremsha fidla begani. Akatazama viatu vyake.

"Mama," akasema, "twende nyumbani."

* * *

Nyuma ya jukwaa pana jiko la ukumbi. Humo ndimo wanapoweka makoti, chai, na makasha ya vyombo. Mwanamwema aliingia humo hata hajui kapita wapi. Hakulia. Kwa hasira aliipiga meza kiganja mpaka vikombe vikagongana.

Pushpa akamfuata, akafunga mlango, akamgeuza mgongo kwenye taa.

"Tulia nione. Hii hapa. Tazama! Shono la juu lote limekatwa. Ukivuta pumzi tu, linafumuka. Hii kazi ya mtu."

"Kazi ya Bi Suad."

"Usiseme kabla..."

"Ya nani nyengine, Da Pushpa? Nani anayetaka niaibike?"

Mlango ukafunguliwa. Bi Suad, kaja kuchukua koti lake. Alipomuona Mwanamwema akapita kama anapita kabati.

"Umenikata nguo," Mwanamwema akamwambia.

"Nini?"

"Nimesema umenikata nguo! Umeona sauti yangu haina kasoro, umetafuta wembe. Bibi mzima na heshima zako!"

Bi Suad akageuka taratibu. Akamtazama kutoka viatuni mpaka nyweleni.

"Sikiliza, binti. Mimi tangu nifike nimekaa kiti cha mbele, ukumbi mzima unaniona. Tena nikitaka kukuumbua, nina mdomo. Si umeusikia? Mimi wembe wa nini?"

Hapo Mwanamwema akarudi nyuma hatua moja. Maana ni kweli. Bi Suad ana maovu yake, lakini hufanya mbele za watu, tena kwa maikrofoni.

"Basi nani?" Pushpa akauliza. Alikuwa bado anapekua zipu, kaisogeza miwani puani. "Na hii nini tena? Mbona mahameli yangu imeingia unga?"

"Unga gani?"

"Huu hapa, pembeni ya zipu. Vumbi jeupe. Vidole vya mtu kabisa, kimoja, viwili. Ukigusa linanata." Akanusa. "Linanukia kama sandarusi, kama utomvu wa mti."

Bi Suad akasogea. Alisogea kwa dharau, kama mtu anayekwenda kuangalia uongo. Akainama. Akaona.

Na uso wake ukabadilika.

Kwani nani anayefua mashati ya Abdulsamad? Nani kila wiki anasugua kola na bega la kushoto, anapiga kelele, "We mtoto, hii dawa yako ya fidla haitoki!" Lile vumbi la dawa wanayopaka upinde wa fidla, jeupe, linalonata, Bi Suad analijua kuliko anavyoujua mkono wake.

Akanyoosha kidole gumba, haraka, akalifuta.

"Vumbi tu," akasema. "Jikoni hapakosi vumbi."

Lakini Mwanamwema alikiona kile kidole. Akamtazama Bi Suad machoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Bi Suad ndiye aliyeangalia pembeni.

"Umelifuta," Mwanamwema akasema pole pole. "Kwa nini umelifuta?"

"Nimekwambia vumbi."

"Ni la fidla!"

Mlango ukagonga ukuta. Abdulsamad kaingia, fidla kwapani, kaja kutafuta kasha. Akasimama. Wanawake watatu wanamtazama, hakuna hata mmoja anayepepesa jicho.

"Nionyeshe vidole," Mwanamwema akamwambia.

"Vya nini?"

"Vidole, Abdulsamad."

"Mwanamwema, mimi... nyuzi kidogo tu. Pale juu tu. Sikudhani itafumuka yote."

Hakuna aliyekuwa kamwambia kuwa nyuzi zimekatwa. Wala wapi.

Pushpa akasema, "Hee!" akakaa juu ya kiti kilichokuwa na makoti.

"Nilidhani utaliona ukilivaa," Abdulsamad akaendelea, maneno yanapandana. "Lilikuwa limening'inia hapa, wewe hujafika. Nikasema utaona limeharibika, hutokuwa na nguo, hutopanda. Nimtangazie Mama kuwa umeacha kuimba. Si ndivyo alivyotaka? Posa ingekwenda kesho! Nimefanya kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yetu."

"Wallahi."

"Na nilipokuwa pale mbele, gauni limefunguka, na wewe upo nyuma yangu unaona kila kitu, kwa nini hukuja kunifunika? Kaja Da Pushpa. Wewe koti unalo."

Abdulsamad akajitazama koti lake.

"Na mama yako aliposema posa imekufa?"

"Ungetaka nigombane na Mama mbele za watu?"

Mwanamwema akacheka. Kicheko kibaya, hata Pushpa akashituka.

"Na sasa natoka kule nje," akasema, "nashika maikrofoni, nawaambia nani kanikata nguo. Kaseti bado zinazunguka. Wacha Dubai wasikie na hili."

"Usithubutu!" Bi Suad akarukia mlango, akauziba kwa mgongo wake. Halafu akaanza kusema kwa sauti ambayo Mwanamwema hakuwahi kuisikia kutoka kwake, sauti ya mtu anayenunua.

"Ngoja, mwanangu."

"Mwanangu? Tangu lini?"

"Ngoja nikwambie. Mtoto wa kiume mwenye wembe, kuvizia nguo ya mwanamke jikoni. Likitoka hilo, Abdulsamad haozwi tena na mtu, si hapa, si Maskati. Watamwita jina mpaka anaingia kaburini." Akashusha pumzi. "Unataka posa. Utaipata. Kesho naleta, mimi mwenyewe, na halua juu. Unyamaze tu."

Abdulsamad akainua kichwa, macho yana matumaini kama mtoto aliyesamehewa. "Unaona, Mwanamwema? Unaona? Si yote yamekwenda sawa?"

Ukumbini watu walikuwa wanapiga miguu chini. "Mwi-mba-ji! Mwi-mba-ji!" Hujui kama wanamtaka au wanataka kucheka tena.

Mbarouk akachungulia mlangoni, jasho linamtiririka. "Nyie mnapika nini humo? Saa moja Mzungu anafunga ukumbi, na watu hawajasikia hata nyimbo moja nzima. Wewe Mwanamwema, unapanda au hupandi? Sema, nijue nakufukuza leo au kesho."

"Napanda."

"Hivyo hivyo, na fulana?"

"Da Pushpa atanishona hapa hapa mwilini. Wewe nenda."

Mbarouk akamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaondoka. Pushpa akatoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wake, akaanza kushona mishono mikubwa mikubwa, anasonya kila akichoma.

Mwanamwema akamgeukia Bi Suad. "Nitanyamaza," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Lakini si kesho. Sasa hivi. Uliiua posa kwa maikrofoni, ifufue kwa maikrofoni. Watu wale wale, mashahidi wale wale."

"Unanidhalilisha."

"Kidogo tu. Pale juu tu."

Abdulsamad akainama. Bi Suad akafunga vifungo vya koti, akavifungua tena. Akamtazama mwanawe, mwanamme mzima kakumbatia fidla kama mto. Akatoka.

* * *

Sijui kama mliwahi kumuona mtu mwenye kiburi anameza kiburi chake mbele ya redio kaseti. Bi Suad alikwenda kama mgonjwa mpaka katikati ya jukwaa, safari hii anaangalia waya.

"Jamaa," akasema. "Nilipandwa na hasira. Binadamu hupandwa na hasira. Binti hana kosa. Posa..." Akakohoa. "Posa ipo. Mimi, mama yake Abdulsamad, namposa Mwanamwema kwa mwanangu, hapa, mbele yenu."

Kwanza watu hawakuamini. Halafu vigelegele! Mtu akarusha kofia. Wanawake wa upande wa kushoto, wale wale waliomnyooshea vidole, wakaja kumkumbatia Bi Suad, na yeye kasimama kama gogo. Abdulsamad kakaa mahali pake, fidla begani, anatabasamu mpaka masikioni. Mbarouk akavuta kodiani sauti moja ya chini, ndefu, ya kungoja.

Mwanamwema akachukua maikrofoni. Gauni limeshonwa kama gunia, lakini limekaa. Akangoja wanyamaze wote.

"Nimeposwa," akasema. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi sikieni na jibu, ili nalo lisafiri. Sitaki."

"Unasema?" Bi Suad akamshika mkono. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana ninyamaze, bibi. Nimenyamaza. Nimesema kwa nini sitaki? Sijasema. Wala sitosema. Anayejua anajua." Akauchomoa mkono wake. "Mwanao mrudishe nyumbani. Umfulie mashati."

Tabasamu la Abdulsamad lilibaki usoni muda kidogo, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kule kati mwanamke mmoja akasema, "Ee Mola, leo tumeiona Idi." Mwanamwema alihisi kifua chake kimefunguka kwa mara ya kwanza siku ile. Kwisha. Hana mume, hana mkwe, hadaiwi jibu na mtu. Akainua mkono kumpa Mbarouk ishara aanze nyimbo.

"Hujamaliza kukataa."

Sauti ilitoka ukutani, upande wa wanaume. Watu wakapeana nafasi. Mzee Vuai alikuwa anakuja mbele, kofia mkononi, hatazami mtu.

"Ami?"

"Nilikuwa nasubiri jambo hili life lenyewe, nisikuvunje moyo," akasema. "Limekufa, ahsante Mungu. Maana hata ungekubali, isingefaa. Wewe ni mke wa watu kasoro ndoa. Posa yako niliipokea tangu Shaabani."

"Ya nani?"

Waliouliza walikuwa wawili, kwa pamoja: Mwanamwema na Bi Suad.

"Nimekula yamini," Mzee Vuai akasema. "Mtu kanisaidia wakati wa dhiki, mbele ya msahafu nikamuahidi. Siwezi kurudi nyuma."

"Ami, ya nani?"

Mzee Vuai alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega lake, nyuma, kwa wapigaji.

Ile sauti ya chini ya kodiani, iliyokuwa ikivuma tangu vigelegele, ikakatika.

Mwanamwema akatazama nyuma. Mbarouk keshaiweka kodiani juu ya kiti. Alikuwa amesimama, anafunga koti lake, kifungo kimoja kimoja, kama bwana harusi aliyeitwa mbele ya kadhi.